Watoto wa Kambini Waenda Kuwatazama Wanyama

Hakuna jambo lizushalo ubishi katika mkutano wa wazazi kama safari ya watoto. Ada hulipwa kwa manung'uniko, sare hununuliwa baada ya kupapasa mifuko yote, lakini hatimaye hulipwa. Safari huonekana kuwa anasa. Mzazi husimama akauliza kama mtoto asiyekwenda atashindwa mtihani, na mwalimu asiye na jibu hujikalia kimya.

Mimi ni mtumishi wa serikali, mama wa watoto wawili. Nina cheti cha ualimu, na nilifundisha sayansi darasani kwa miaka saba kabla ya kuhamishiwa ofisi ya elimu, ambako kazi yangu kubwa sasa ni kukagua madaftari ya mahudhurio na kuandika taarifa ambazo sina hakika kama husomwa. Kwa hiyo, katika muhula wa pili wa mwaka 2023, shule moja ya msingi iliyo kando ya kambi ya polisi mjini Kampala iliponiomba nifuatane na darasa la tano kwenda bustani ya wanyama ya Entebbe, nilikubali kabla mwalimu mkuu hajamaliza maneno yake. Watoto wengi wa shule hiyo ni wa askari polisi, wachache ni wa wanajeshi, na wengine ni wa majirani wanaouza vyakula langoni.

Katika mkutano wa wazazi alisimama koplo mmoja aliyepata kufanya kazi kule Murchison. Akasema, "Mimi nimelala hemani simba wakinguruma nje, wala sikulipa hata senti moja. Leo nitoe shilingi elfu thelathini ili mwanangu akamwone simba aliyefungwa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama mmoja auzaye chapati akamjibu kutoka nyuma, "Afande, simba huyo ulimwona wewe. Mtoto amemwona?" Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Walakini hoja ya koplo haikuwa ya mzaha. Kwa mshahara wa askari wa kawaida, elfu thelathini ni unga, ni sabuni, ni mafuta ya taa. Mwishowe ilikubaliwa kwamba wenye uwezo watoe zote, wasio nazo watoe nusu, na chakula cha mchana kitoke majumbani: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chapati na maji ya kunywa ndani ya madumu.

Safari ya kilomita arobaini hivi kutoka Kampala hadi Entebbe haikuwa na la kusimulia, ila kwamba watoto waliimba tangu lango la kambi hadi Kajjansi, kisha wakanyamaza ghafla walipoliona ziwa. Baadhi yao, waliozaliwa na kukulia mjini, hawakuwa wamepata kuliona Ziwa Victoria kwa karibu.

Yafaa nieleze kwa ufupi mahali penyewe. Bustani ile ilianzishwa mwaka 1952, zama za ukoloni, kwa ajili ya kutunza wanyama waliopatikana wakiwa yatima, wagonjwa, au waliojeruhiwa. Baadaye ikawa mahali pa kuwaonyesha watu wanyama waliomo vizimbani, na jina la zuu likazoeleka vinywani hata leo. Mwaka 1994 iligeuzwa kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori, vizimba vingi vya zamani vikaacha nafasi kwa nyua pana zenye miti na maji. Mabadiliko hayo nayaona kuwa ya maana sana kwa mwalimu, kwa sababu mnyama aliye ndani ya tundu la saruji hawezi kumfundisha mtoto lolote ila huzuni.

Kabla hatujashuka katika basi nilimwomba mwalimu wa darasa ruhusa ya jambo moja. Nimeongoza safari nyingi za namna hii, na karibu zote hugeuka kuwa zoezi la kunakili. Watoto hukimbia kutoka kibao hadi kibao, wakiandika majina ya Kizungu na ya Kilatini, na jioni hurudi na daftari lililojaa ilhali macho hayakuona kitu. Niliomba kila watoto wawili wachague mnyama mmoja tu, wasimame mbele yake robo saa, na waandike yale tu waliyoyaona kwa macho yao. Kibao wakisome mwisho. Mwalimu alisita, maana watoto walikuwa sitini na wawili na saa zenyewe chache, kisha akakubali.

Wavulana wawili walimchagua korongo taji. Nadhani walitaka kazi nyepesi, kwa kuwa mtoto wa askari humjua ndege huyo kabla ya kujua kusoma: yumo katika bendera, na katika nembo ya taifa anasimama upande mmoja, kobu akiwa upande wa pili. Lakini walipomtazama aliye hai walianza kubishana. Wa kwanza alisema yule wa bendera ameinua mguu mmoja, mbona huyu amekanyaga kwa miguu yote miwili? Ikabidi tuwaeleze kwamba mchoraji aliinua mguu ule makusudi, kuwa ishara ya nchi inayosonga mbele. Wa pili hakuridhika. Aliinama karibu na wavu akaihesabu miguu kidole kwa kidole, kisha akaandika: "Kidole cha nyuma ni kirefu."

Mtunza wanyama aliyekuwa akituongoza alisimama alipoyasoma maneno hayo. Alituambia kwamba korongo wako wa aina kumi na tano duniani, nao hulala chini au ndani ya maji ya kina kifupi, ila hawa wenye taji hulala juu ya miti. Na wanaweza kufanya hivyo kwa sababu ya kidole hicho cha nyuma, ambacho hukamata tawi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amekigundua kwa kuinama tu. Kisha mtunzaji akaongeza habari isiyopendeza: tangu mwaka 2012 ndege huyu ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, maana mabwawa yanakaushwa kwa kilimo na ujenzi, na makinda hukamatwa kwa ajili ya kufugwa na kuuzwa. Wale wavulana waliutazama mkono wa askari aliyekuwa langoni, wakiitafuta alama ya bendera katika sare yake. Sikujua walikuwa wanafikiri nini, wala sikuuliza.

Kwenye bwawa la mamba kulitokea kioja ambacho msomaji wa Kiswahili atakifurahia. Msichana mmoja wa Kiganda alisema kwa fahari, "Mwalimu, sisi kwetu ni wa mamba. Hatumli." Wenzake wakarudi nyuma hatua mbili, na mmoja akamuuliza kama baba yake hulala majini. Mambo yalikuwa hivi: katika Kiganda, mamba ni yule samaki mrefu ambaye wengine humwita kamongo, naye ni mwiko wa ukoo mkubwa katika Buganda, mnyama ambaye sisi tumwitaye mamba, wao humwita goonya. Kambini, ambako Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Mnyankole wote huagana na kusalimiana kwa Kiswahili, maneno mawili yanayofanana huweza kumgeuza binti mpole kuwa mtoto wa mnyama mla watu. Tulicheka sana, na binti mwenyewe alicheka kuliko sote.

Lakini mkanganyiko ule ulitupa somo zima. Mamba wa Kiswahili ni mtambaazi. Alikuwa amelala juani kinywa wazi, na watoto waliamini amekasirika. Tulipowaacha wamtazame robo saa nzima waliona hakumkaripia mtu. Alibaki vilevile kama gogo. Mwili wake hauwezi kujitengenezea joto kama wetu, hivyo hulifuata jua apate joto, na anapozidiwa huacha kinywa wazi ili joto lipungue. Kitu kingine kilichowashangaza ni kwamba mama mamba, mwenye meno yale yote, huwabeba watoto wake kinywani kutoka kiotani hadi majini bila kuwadhuru. Mamba wa Kiganda naye, yaani kamongo, ni samaki mwenye mapafu. Hupanda juu kuvuta hewa, na kiangazi kikikausha kinamasi hujichimbia matopeni akasubiri mvua. Katika mtihani wa darasa la saba swali la "samaki hupumua kwa nini" hujibiwa kwa neno moja, matamvua. Watoto wale sasa wanajua kwamba yuko samaki katika ziwa letu ambaye jibu hilo halimtoshi.

Adui mkuu wa kamongo alikuwa hatua chache kutoka pale: ndege mkubwa wa kijivu, mrefu karibu kama mtoto wa darasa la tano, mwenye mdomo mnene kama kiatu cha askari. Wenye kujua Kiswahili cha vitabu humwita korongo nyangumi. Husimama kinamasini bila kutikisika muda mrefu sana, akisubiri kamongo aje juu kupumua. Wasichana wawili waliomchagua waliandika mstari mmoja tu kwa dakika kumi za kwanza: "Hafanyi kitu." Nikawaambia waendelee. Katika dakika ya kumi na mbili ndege aligeuza kichwa akawatazama kwa jicho moja, nao wakashikana mikono kwa hofu. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba alikumbuka baba yake akiwa zamu ya usiku. Hayo ni maneno ya mtoto, sikuyatia mimi.

Kasuku wa kijivu ndio waliowafanya watoto wa polisi watembee vifua mbele. Mtunzaji alieleza kwamba wanyama na ndege wengi wa pale hawakunaswa na kituo. Waliletwa baada ya kunyang'anywa wafanya magendo barabarani, mpakani na majumbani mwa watu, na mara nyingi aliyewanyang'anya ni askari. Kasuku hawa husafirishwa wakiwa wamerundikwa katika masanduku, wengi hufa njiani, na ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Mvulana mmoja aliuliza kama baba yake angeweza kuwa miongoni mwa waliowaokoa. Mtunzaji, mtu mwenye busara, alimjibu kwamba hajui, ila amwulize baba jioni.

Sokwe sitawaeleza sana, kwa kuwa kila aliyefika Entebbe hurudi na hadithi za sokwe, nyingi za kuchekesha na nyingine za uongo. Nitasema tu kwamba watoto walitambua bila kuambiwa kuwa sokwe hana mkia, na hivyo si ndugu wa karibu wa tumbili wanaoiba mikate madirishani kwetu. Waliona mama akimchambua mwanawe manyoya. Walisikia kwamba sokwe hunyonyesha miaka minne au mitano, na kwamba mtoto wa sokwe anayeuzwa sokoni kwa kawaida huwa ameachwa yatima kwa risasi, maana mama hamtoi mwanawe akiwa hai. Mayatima wengine walipelekwa kisiwa cha Ngamba, katika ziwa lilelile, ambako mwaka 1998 yalianzishwa makao yao msituni. Watoto walikatazwa kabisa kuwarushia chakula au kuwakoholea, kwa sababu mafua yetu huwaua.

Faru weupe walikuwa wakila majani mbali kidogo na ua. Hapo ndipo nilipowaambia watoto historia ambayo wazazi wao, hasa wa umri mkubwa, wanaijua. Nchi yetu ilikuwa na faru wa aina mbili. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bunduki zilipozagaa na pembe zikawa na bei, waliuawa hadi kufikia mwaka 1983 hakusalia hata mmoja porini. Waliopo leo walirudishwa kutoka nje: wawili waliletwa Entebbe kutoka Kenya mwaka 2001, na wengine wakapelekwa Ziwa, wilayani Nakasongola, kuanzia mwaka 2005, baadhi kutoka Kenya na wawili kutoka Marekani. Ndama wa kwanza alizaliwa huko Ziwa mwaka 2009. Kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, walimwita Obama. Watoto hawakuijua siasa ya jambo hilo, lakini mwalimu wao alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Saa sita hivi tuliwakuta wafanyakazi wakipeleka chakula cha wanyama: makarai ya kabichi, karoti, ndizi mbivu, maboga yaliyokatwa vipande. Watoto walikuwa wamechoka na njaa imewashika. Msichana mmoja mkimya, ambaye asubuhi yote hakuwa amezungumza, alisimama mbele ya karai akalitazama. Baba yake ni konstebo aliyehamishiwa Kampala kutoka wilaya ya Kasese, na yeye mwenyewe aliishi na bibi yake kule, karibu na mpaka wa hifadhi ya Queen Elizabeth, hadi alipofika darasa la tatu. Aliniuliza kwa sauti ndogo, lakini wote walisikia:

"Mwalimu, ndovu walikula mahindi yote ya bibi. Usiku mmoja tu. Bibi anakula mara moja kwa siku. Kwa nini hawa wanapikiwa?"

Hakuna aliyecheka. Mtunza wanyama aliliweka karai chini.

Nimewasikia walimu wakilijibu swali la namna hii kwa haraka: wanyama ni urithi wa taifa, wanaleta watalii, watalii wanaleta fedha. Yote ni kweli, lakini bibi wa Kasese hajapata kuuona mfuko wa mtalii. Mtoto aliyeona shamba limelala chini asubuhi, na bibi yake ameketi katikati ya mabua, hastahili kujibiwa kwa kauli ya bango. Nilimwambia kwamba swali lake ni kubwa kuliko maswali yote ya siku hiyo, na kwamba tutalijibu baada ya kula, sote kwa pamoja, wala hatutalikwepa.

Tukaketi chini ya mti kando ya ziwa. Watoto waligawana viazi na mayai. Mwenye chapati mbili alimpa asiye nayo, maana kambini watoto wamezoea hivyo. Kisha nikamwomba yule mtunzaji akae nasi, naye akakubali, ingawa ulikuwa muda wake wa kupumzika.

Alianza kwa kumwambia msichana kwamba amesema kweli. Ndovu mkubwa huweza kula kilo mia na hamsini za majani kwa siku, na shamba la mahindi yaliyokomaa kwake ni kama sufuria iliyoachwa wazi. Hana habari ya mpaka uliochorwa katika ramani. Akaeleza kwamba ndovu wa nchi hii, waliopungua hadi kubaki chini ya elfu mbili baada ya ule ujangili wa zamani, wameongezeka tena. Hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha wamepita elfu tano. Watu nao wameongezeka, na mashamba yamefika ukingoni mwa hifadhi. Watoto walisikiliza bila kutafuna.

"Basi wauawe," alisema mvulana mmoja, mtoto wa mwanajeshi, kwa ujasiri wa mtu asiye na shamba.

Mtunzaji hakumkemea. Alimsimulia habari za simba wa Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kilicho ndani ya hifadhi hiyohiyo ya Queen Elizabeth. Mwezi Aprili mwaka 2018 walikutwa huko simba kumi na mmoja wamekufa, majike watatu na watoto wanane, kwa sumu iliyodhaniwa kuwekwa kwa hasira ya ng'ombe walioliwa. Akauliza, "Je, ng'ombe walirudi?" Kisha akaongeza jambo ambalo hatukulifikiria: sumu iliyomo katika mzoga haichagui. Tai akila hufa, na mbwa wa kijiji vilevile.

Msichana wa Kasese alisubiri hadi alipomaliza, halafu akasema, "Lakini bibi afanye nini?"

Nilifurahi kwamba hakukubali kufunikwa na hadithi ya simba. Hapo tuliyataja yale yanayofanyika kweli. Pembezoni mwa hifadhi ile imechimbwa mitaro mirefu ambayo ndovu hushindwa kuivuka. Husaidia, ingawa mvua huifukia na huhitaji kuchimbwa upya. Wengine hutumia pilipili, ambayo ndovu huichukia puani. Na wengine hutundika mizinga ya nyuki kando ya shamba, mmoja kila baada ya mita kumi hivi, ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya gizani, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mnyama mwenye ngozi nene namna ile huogopa nyuki, kwa sababu humchoma kwenye macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Njia hiyo ilijaribiwa kwanza Kenya, na mwenye shamba hupata asali juu yake.

Nami nikaongeza ya upande wa serikali, maana hayo ndiyo ya kazi yangu. Sheria inataka asilimia ishirini ya ada wanazolipa wageni kwenye lango la hifadhi irudi kwa wenyeji waliopakana nayo. Tena Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa mtu aliyeuawa, kujeruhiwa, au kuharibiwa mali yake na wanyama waliotajwa katika orodha yake. Sikuwaambia watoto kwamba fedha hizo hufika upesi, kwa kuwa utaratibu ulioandikwa na fedha iliyo mkononi mwa bibi kizee ni vitu viwili mbalimbali. Niliwaambia kwamba haki hiyo ipo kwa maandishi, na kwamba mwenye hasara anapaswa kutoa taarifa mapema, shamba likionekana lilivyo, kabla ya kung'oa mabua na kupanda upya.

Msichana aliandika yote. Aliandika polepole, akaniomba nirudie habari ya mita kumi.

Baada ya hapo tulikuwa na saa moja tu iliyobaki. Watoto waliitumia kuwatazama simba, ambao walikuwa wamelala usingizi mzito bila kumheshimu mgeni. Mwana wa koplo aliandika kwamba simba dume alilala chali, na kwamba nzi walikuwa usoni mwake. Nasikia baba yake aliyasoma maneno hayo jioni, akasema kule Murchison nako ilikuwa hivyohivyo, ila gizani hakuwaona nzi.

Wazazi wenzangu, hasa ninyi mlio zamu usiku na mchana na hamwaoni watoto ila kwa saa chache, nina ombi dogo. Mtoto akirudi safarini, msimwulize tu kama alifurahi. Atajibu ndiyo, na mazungumzo yatakwisha hapo. Mwulizeni mnyama wake alikuwa anafanya nini. Mwulizeni ni jambo gani alilotaka kuuliza akakosa nafasi. Na kama baba au mama amepata kufanya kazi mbugani, kwenye doria, au mpakani, basi asimulie naye, kwa kuwa kambi zetu zina watu walioona mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha sayansi, nao wanastaafu nayo vifuani bila kuulizwa.

Kwenye mkutano uliofuata, yule konstebo wa Kasese alikuja na daftari la binti yake mkononi. Hakutoa hotuba. Alingoja watu watawanyike, akanionyesha ukurasa wenye mchoro wa mizinga na waya, akaniuliza kama waya wa kawaida wa kufungia ua ungefaa. Nilimwelekeza aulize kwa maafisa wa wanyamapori wa huko kwao, kwa kuwa wapo wakulima jirani waliokwisha kujaribu, na fundi aliyejaribu hujua kuliko mwalimu aliyesoma. Alinukuu hayo. Likizo ya mwezi Desemba alikwenda nyumbani na mizinga minne ya mbao iliyochongwa na fundi wa pale kambini, na binti yake alikwenda naye.

Mizinga minne haitoshi kuzunguka shamba. Hata binti alilijua hilo, kwani alikuwa amepiga hesabu: shamba la bibi lingehitaji zaidi ya ishirini. Wameitundika upande wa bondeni, ambako ndovu hupitia. Kufikia mwezi Februari nyuki walikuwa wameingia katika mzinga mmoja, na konstebo alikuwa ameanza kuweka akiba kwa ajili ya mingine miwili.